Mazoezi ya Mizani kwa Kizunguzungu Sugu: Mwongozo Kamili wa Kufanya Nyumbani

Malalamiko yanayonifikia kuhusu mazoezi ya kizunguzungu yanafanana mno. "Nilielekezwa hospitali, nikafanya siku tatu, kizunguzungu kikazidi, nikaacha." Wengine huenda upande wa pili: siku ya kwanza wanajikamua saa nzima, wanatapika, wanalala siku mbili, na habari ya mazoezi inaishia hapo.

Wote wamekwama mahali pamoja. Hawakuambiwa kwamba mazoezi haya hayana budi kuchokoza kizunguzungu, na kwamba uchokozi huo una kiasi chake. Ukipungua, hakuna faida. Ukizidi, unaumia bure.

Sababu ni hii. Ndani kabisa ya sikio kuna viungo vinavyouambia ubongo kichwa kinaelekea wapi na kwa kasi gani. Vikidhurika kwa virusi, kwa jeraha la kichwa, au kwa dawa za sindano kama streptomaisini na jentamaisini, mara nyingi havirudi vilivyokuwa. Kinachoweza kurudi ni uwezo wa ubongo kutumia kilichobaki: sehemu ya sikio iliyo salama, macho, na hisia za nyayo na shingo. Lakini ubongo hujirekebisha pale tu unapokutana na kosa. Ukikaza shingo na kugeuka mwili mzima kila unapoitwa, kosa halionekani na hakuna kinachorekebishwa. Ndiyo maana mtu anaweza kupumzika mwaka mzima na bado akatembea ameshika ukuta.

## Vifaa

Andaa hivi vyote kabla ya siku ya kwanza. Hakuna kitu cha kununua dukani kwa bei kubwa.

- Herufi moja, A au E, uliyoiandika kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Ukubwa wake uwe kama herufi za kichwa cha habari cha gazeti. Andika mbili: moja ya kushika mkononi, nyingine ya kubandika ukutani kwa selotepu.
- Kona ya chumba yenye kuta mbili wazi, na kiti kizito cha mbao cha kuweka mbele yako. Kiti cha plastiki huteleza ukikiegemea ghafla, kwa hiyo kiache.
- Kipande cha godoro chenye unene wa takriban sentimita 8 hadi 10, kipana cha kutosha miguu yote miwili.
- Kanga au kitenge chenye maua mengi na rangi zinazogombana.
- Simu yenye kipima muda, na kama unaweza, programu inayopiga mdundo kwa kasi unayochagua.
- Daftari na kalamu.
- Raba zinazobana vizuri, au miguu mitupu. Ndala hapana.
- Mtu wa kukaa karibu nawe, hasa kwa mazoezi ya kufumba macho na ya kutembea.

## Kwanza hakikisha mazoezi haya ni yako

Sehemu hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayopotezea watu miezi. Kizunguzungu kina vyanzo vingi, na vingine havitibiki kwa kutikisa kichwa.

Nenda hospitali leo, usifanye zoezi lolote, kama kizunguzungu kimekuja ghafla pamoja na mojawapo ya haya: kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito, uso kupinda, mkono au mguu kulegea, kushindwa kabisa kusimama, maumivu makali ya kichwa ambayo hujawahi kuyapata, maumivu ya kifua, au kuzimia. Hizo zinaweza kuwa dalili za kiharusi au za moyo. Sikio moja likiziba ghafla usisikie, hilo nalo ni la kuwahi, maana matibabu yake hufanya kazi vizuri yakianza ndani ya siku chache. Sikio linalotoa usaha pamoja na kizunguzungu halisubiri pia.

Kizunguzungu cha kugeuka kitandani. Ukilala au ukigeukia upande fulani dunia inazunguka kwa nguvu, halafu ndani ya dakika moja inatulia. Mara nyingi hapo chembechembe ndogo za chokaa zimetoka mahali pake na kuingia kwenye mirija ya sikio la ndani. Tiba yake ni kuzirudisha kwa mfuatano wa kulaza na kugeuza kichwa unaojulikana kwa jina la Epley. Mtaalamu aliyefundishwa huufanya kwa dakika chache tu, na wengi hupata nafuu siku hiyohiyo au baada ya kurudia mara moja au mbili. Inasikitisha kuona mtu akitikisa kichwa mbele ya herufi wiki sita wakati shida yake ingemalizwa kwenye kitanda cha kliniki.

Kizunguzungu cha kusimama. Lala dakika 5, pima presha. Simama, pima tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, zungumza na daktari kuhusu presha yako na dawa unazotumia. Wakati huohuo pima wingi wa damu na sukari. Upungufu wa damu huwafanya watu wengi wayumbe, hasa kina mama, na hakuna zoezi la macho litakaloongeza damu.

Mashambulizi yanayokuja na kuondoka. Kama kizunguzungu chako huja kwa vipindi vya saa kadhaa pamoja na sikio kuvuma na kujaa, au pamoja na kipandauso, chanzo chenyewe kitibiwe kwanza au sambamba. Mazoezi hufanyika kati ya shambulio na shambulio, kamwe si katikati yake.

Ambaye mazoezi haya ni yake ni yule aliyepata shambulio kubwa miezi iliyopita, la kutapika na kushindwa kuinuka, kisha akabaki na kuyumba, ukungu wa macho anapogeuza kichwa, na woga wa kutembea. Ni yule pia aliyeharibika masikio yote mawili kwa sindano. Na ni yule ambaye vipimo vyake vyote vimetoka safi, lakini kwa zaidi ya miezi 3 anajiona kama yuko ndani ya mashua kila anaposimama au kuingia penye watu wengi.

Kuhusu vidonge. Vidonge vya kutuliza kizunguzungu, kama Stugeron, Stemetil na jamaa zake, husaidia siku chache za mwanzo, wakati wa kutapika. Vikiendelea kwa wiki na miezi, vinaupoza ubongo ule ule unaotakiwa kujifunza. Muulize daktari namna ya kuviacha. Kama unatumia diazepam, usiikate ghafla, maana kuikata ghafla kuna hatari zake.

Aliyeumia shingo, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho au shingo karibuni, au mwenye ganzi inayoshuka mikononi akigeuza kichwa, apate ruhusa ya daktari kabla ya hatua ya 2.

## Hatua ya 1: Andika ulipo

Bila kipimo cha mwanzo utakata tamaa wiki ya pili, kwa sababu nafuu huja polepole na mtu husahau alikotoka.

Simama konani, kiti mbele, msaidizi pembeni. Andika:

1. Kizunguzungu chako ukiwa umekaa tu, kwa namba ya 0 hadi 10. Sifuri ni hakuna, 10 ni kushindwa kuinuka.
2. Sekunde unazoweza kusimama miguu imekutana, macho yamefumbwa. Ukifika 30, acha.
3. Sekunde unazoweza kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa kidole gumba, macho wazi.
4. Shika herufi kwa urefu wa mkono, tikisa kichwa kushoto na kulia. Je, herufi inabaki safi au inacheza?

Rudia vipimo hivi kila Jumapili, saa ileile.

Sasa ile kanuni inayobeba mwongozo wote. Zoezi lipandishe namba yako kwa 2 au 3 tu, na namba irudi ilipokuwa ndani ya dakika 15 hadi 20. Ulianza na 2, ukafika 4 au 5, ukapumzika, ikarudi 2: hiyo ndiyo dozi yako. Ikibaki juu kwa saa nzima, kipindi kijacho punguza kasi au muda nusu, lakini usiache. Isipopanda kabisa, zoezi limekuwa jepesi, panda ngazi.

## Hatua ya 2: Macho yabaki, kichwa kitembee

Hili ndilo zoezi kuu, na ndilo linaloharibiwa zaidi. Lengo lake ni kuamsha ule uwezo wa macho kubaki mahali pamoja kichwa kinaposogea. Uwezo huo ukipungua, mabango ya barabarani yanarukaruka ukitembea na uso wa mtu unakuwa ukungu akikuita pembeni.

Kaa kwenye kiti, mgongo umenyooka. Shika herufi mbele ya macho kwa urefu wa mkono. Ikazie macho. Geuza kichwa kushoto na kulia kama anayesema "hapana," mwendo mfupi tu, usifike begani. Herufi ibaki palepale, macho yabaki juu yake, kichwa peke yake ndicho kinachotembea. Ongeza kasi taratibu mpaka unapohisi herufi inakaribia kufifia, kisha baki hapo. Hiyo ndiyo kasi yako ya leo.

Fanya sekunde 30 mwanzoni, baadaye dakika 1. Pumzika mpaka namba ishuke. Kisha fanya tena kwa kwenda juu na chini, kama anayesema "ndiyo."

Kama unatumia programu ya mdundo, anza na midundo 60 kwa dakika, kichwa kikifika upande mmoja kwa kila mdundo. Ikizoeleka nenda 80, 100, 120, na kuendelea, mradi herufi inasomeka.

### Makosa ya kukaguliwa hapa

Mwambie msaidizi akae nyuma ya herufi na akutazame machoni, kwa sababu mwenyewe huwezi kujiona. Macho yakiachwa nyuma halafu yakaruka kurudi kwenye herufi, kasi imezidi.

Kosa la kwanza ni kutembeza macho peke yake huku kichwa kimetulia, kufuata kidole kulia na kushoto. Karatasi nyingi za mazoezi zinaanza hivyo, na watu huridhika kwa sababu hayaleti kizunguzungu. Mwongozo wa wataalamu wa fiziotherapia wa Marekani wa mwaka 2022 unasema wazi kwamba mazoezi hayo ya macho bila kichwa yasitumike kutafuta utulivu wa macho. Usipoteze muda nayo.

La pili ni kugeuza mabega. Likitokea, kaa ukiwa umeegemea ukuta ili mabega yabaki nyuma.

La tatu ni kupepesa. Kuna mama fundi cherehani niliyemwangalia akifanya zoezi hili kwa nidhamu kubwa, kichwa kinakwenda sawasawa, mdundo hauachwi, na bado hapati nafuu. Kila kichwa kilipofika mwisho wa mwendo, kope zilishuka nusu. Ilikuwa kitu cha sekunde kidogo sana, lakini ndipo hasa herufi inapotaka kuteleza. Alipofundishwa kuacha macho wazi, kizunguzungu kilipanda siku hiyohiyo, akadhani ameharibu. Ndipo dawa ilipoanza kuingia.

La nne ni kwenda polepole daima. Kwa mwendo wa kobe macho yanaweza kuifuata herufi bila msaada wa sikio, kwa hiyo sikio halifanyi kazi yoyote.

Wenye miwani ya lenzi mbili, ya mbali juu na ya kusomea chini, wavae ya lenzi moja kwa zoezi la juu na chini. La sivyo herufi itaruka kwa sababu ya miwani.

### Kiasi kwa siku

Gawa zoezi hili mara 3 hadi 5 kwa siku. Aliyepatwa na tatizo majuma machache yaliyopita alenge jumla ya dakika 12 kwa siku au zaidi. Mwenye kizunguzungu sugu cha sikio la upande mmoja alenge dakika 20 au zaidi kwa wiki 4 hadi 6. Aliyeharibika masikio yote mawili anahitaji dakika 20 hadi 40 kwa wiki 5 hadi 7. Hizo ni jumla za siku nzima, na hutaanza nazo. Wiki ya kwanza hata dakika 6 zinatosha kama namba yako inapanda na kushuka inavyotakiwa.

### Kupanda ngazi

Ukiweza kufanya umekaa bila shida, simama miguu imeachana. Kisha miguu pamoja. Kisha bandika herufi ukutani, umbali wa mita 2. Kisha tundika kanga nyuma ya herufi, ili macho yapambane na maua yake. Mwisho shika herufi mkononi na uipeleke kinyume cha kichwa: kichwa kikienda kulia, herufi iende kushoto. Hii ya mwisho ni ngumu, isijaribiwe kabla ya zile nyingine.

Umefaulu pale unapotembea barabarani na kusoma bango la duka bila kusimama kwanza.

## Hatua ya 3: Kusimama konani

Anza hatua hii siku zilezile unazofanya ya 2. Zinakwenda pamoja.

Mwili husimama kwa habari za pande tatu: macho, nyayo, na sikio la ndani. Mwenye kizunguzungu sugu huegemea macho kupita kiasi. Ndiyo sababu hayumbi mchana lakini hupepesuka umeme ukikatika, au anapofumba macho kunawa uso. Hapa unaondoa msaada mmoja baada ya mwingine, ili ubongo ulazimike kusikiliza sikio.

Simama mgongo ukielekea kona, bila kuigusa, kiti mbele yako. Kila mkao sekunde 30, mara 3:

1. Miguu pamoja, macho wazi.
2. Miguu pamoja, macho yamefumbwa.
3. Kisigino cha mguu mmoja kando ya kidole gumba cha mwingine, macho wazi, kisha yamefumbwa.
4. Mguu mmoja mbele ya mwingine, macho wazi, kisha yamefumbwa.
5. Juu ya kipande cha godoro, miguu imeachana, macho wazi.
6. Juu ya godoro, miguu pamoja, ukigeuza kichwa kushoto na kulia.
7. Juu ya godoro, macho yamefumbwa.

Usipande mpaka mkao ulio nao uufikishe sekunde 30 bila kushika ukuta, siku mbili mfululizo. Kuyumba kunaruhusiwa, tena ndiko tunakotaka. Kinachokatazwa ni kuanguka.

Jumla ya mazoezi ya kusimama na kutembea (hatua ya 3 na ya 4 kwa pamoja) ifike dakika 20 kwa siku, kwa wiki 4 hadi 6 au zaidi.

Maonyo makubwa mawili. Kwanza, aliyepoteza masikio yote mawili asifanye namba 7. Godoro limechukua nyayo, kufumba kumechukua macho, hakuna kilichobaki, ataanguka kila mara. Mtu huyo pia asiogelee peke yake wala kupiga mbizi. Ndani ya maji yenye giza hataweza kutambua juu ni wapi. Nawaambia hasa ndugu zetu wavuvi na wakazi wa pwani waliowahi kutibiwa kwa sindano hizo za muda mrefu.

Pili, mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi abaki kwenye sakafu ngumu na macho wazi, na godoro aliache mpaka aonwe na mtaalamu.

## Hatua ya 4: Kutembea

Chagua korido, au kando ya ukuta wa nje, hatua 10 hivi. Mkono uwe karibu na ukuta bila kuugusa. Mkono unaoteleza ukutani muda wote unaupa mwili jibu kabla haujalitafuta wenyewe.

Tembea ukitazama mbele, usitazame miguu. Hilo peke yake litakusumbua siku kadhaa. Kisha geuza kichwa kulia kwa hatua tatu, kushoto kwa hatua tatu. Kisha juu na chini. Kisha tembea kisigino kwa kidole. Kisha tembea, geuka nyuma ghafla, na urudi. Hatimaye toka kwenye sakafu: nyasi, changarawe, mchanga wa ufukweni. Mchanga mlaini hufanya kazi ileile ya godoro.

Ukianza kwenda kando kila unapogeuza kichwa, punguza kasi ya kichwa, miguu iendelee. Kusimama kila kichwa kinapogeuka ni tabia ya ugonjwa, tunataka iondoke.

Umefaulu pale unapotembea na mwenzako mkizungumza, unamtazama, na njia yako haipindi.

## Hatua ya 5: Yale yanayokuchokoza nyumbani

Chukua daftari, andika mienendo ya kila siku inayokuletea kizunguzungu, na namba ya kila mmoja. Kwa wengi orodha inafanana: kuinama na ufagio mfupi, kuinua ndoo, kufua kwenye beseni, kutazama juu kuanika nguo, kutafuta kitu chini ya kitanda, kugeuka haraka mtu akiita.

Chagua mitatu yenye namba za kati, 3 hadi 5. Ile inayokuangusha iache kwanza. Fanya mwendo mmoja mara 3 hadi 5, ukipumzika kati ya mara na mara mpaka utulie, mara 2 au 3 kwa siku. Mwendo ukishuka hadi 1 au 0 kwa siku kadhaa, utoe kwenye orodha na uingize mwingine.

Wengi wameacha kusujudu kwa sababu hii na wanaswali kwenye kiti, na najua jambo hilo linavyowauma. Rejea kwa ngazi. Kaa chini kwenye mkeka, panga mito mbele yako mpaka urefu wa kifua, inama paji la uso liguse mito, kaa sekunde 5, inuka, subiri utulie. Ukizoea, toa mto mmoja. Siku mito ikiisha, fanya rukuu na sijida kwa mwendo wa kawaida wa swala. Kuinuka ndiko huleta kizunguzungu zaidi kuliko kushuka, kwa hiyo inuka macho yakiwa yamekazia kitu kimoja mbele yako.

## Hatua ya 6: Macho yasiyostahimili msongamano

Kuna wagonjwa ambao sakafuni wanasimama vizuri, lakini kwenye masoko kama Kariakoo au Gikomba hawapiti. Rafu za supamaketi zinawasomba. Dirisha la daladala linawatapisha. Ubongo wao umejifunza kuyaamini macho kuliko kitu kingine, na macho yakiona mwendo kila upande, mwili unadhani ndio unaotembea.

Kama hizo ni dalili zako kwa zaidi ya miezi 3, na vipimo vimetoka safi, usikubali kuambiwa unajifanya, wala usihangaishwe na dhana kwamba umetupiwa kitu. Ni ugonjwa unaotambuliwa, vigezo vyake vilichapishwa kimataifa mwaka 2017, na hatua hii ndiyo moyo wa matibabu yako. Baadhi huhitaji pia dawa au ushauri wa kisaikolojia, kwa sababu hofu ya kuanguka hukaza mwili na kukuza kizunguzungu.

Tundika kanga au kitenge ukutani, simama mita 1 mbele yake. Msaidizi aivute taratibu kushoto na kulia huku umeitazama, dakika 1. Kanuni ya namba kupanda kwa 2 au 3 tu inabaki palepale. Baadaye isogezwe haraka zaidi, nawe usimame miguu pamoja, kisha juu ya godoro. Unaweza pia kutazama kwenye simu video ya barabara iliyopigwa ndani ya gari, kwanza umekaa, kisha umesimama.

Halafu nenda kwenyewe. Ingia sokoni asubuhi wachuuzi wanapopanga bidhaa, kabla watu hawajajaa, dakika 5, ukiwa na mtu. Usishike mkokoteni wala bega la mwenzako, na usitazame chini. Kila baada ya siku chache sogeza saa, mpaka uingie kukiwa kumejaa. Kwenye daladala anza na kituo kimoja, umekaa upande wa ndani. Kisha viwili, kisha dirishani.

## Unapokwama

*"Wiki mbili na sioni tofauti."* Tazama vipimo vya Jumapili kabla ya kusema hivyo. Mara nyingi sekunde zimeongezeka huku hisia zikiwa bado nyuma. Kama sekunde pia hazijasogea, angalia namba za mazoezi. Kama hazipandi kabisa, unafanya polepole mno.

*"Nilikuwa nimepona, kimerudi."* Malaria, mafua makali, kukosa usingizi, msiba, safari ndefu: vyote hivi vinaweza kurudisha kizunguzungu cha zamani kwa siku kadhaa. Ubongo umechoka, haujasahau. Shuka ngazi moja, usianze upya, na utapanda haraka kuliko mara ya kwanza. Lakini kizunguzungu kikirudi na sura mpya, mfano sikio limeziba au kinakuja ukigeuka kitandani, rudi kwenye ile sehemu ya kuhakikisha.

*"Nina umri wa miaka 70, itawezekana?"* Ndiyo. Uzee peke yake hauzuii ubongo kujifunza haya. Anza umekaa, usifanye ukiwa peke yako nyumbani, na weka taa au tochi karibu na kitanda kwa ajili ya kwenda msalani usiku.

*"Mchana sina nafasi."* Funga zoezi kwenye kitu unachofanya tayari: baada ya chai ya asubuhi, baada ya chakula cha mchana, jioni kabla ya taarifa ya habari. Usifanye tumbo likiwa tupu, wala mara baada ya kushiba.

Wiki 6 zikipita umefanya kwa uaminifu na vipimo havijasogea, tafuta daktari wa masikio, pua na koo, na mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na Kenyatta ya Nairobi zina idara zote mbili. Nenda na daftari lako. Ataona ni mwendo upi hausogei, upande upi unaangukia, na kama macho au nyayo ndizo zinazokuangusha, na ataanzia hapo badala ya kukupa karatasi ileile ya mwanzo.